Kati ya miezi 9 na miezi 18: kisa cha utafiti mdogo katika zahanati moja ya Mombasa

Kisa hiki kimetokana na kozi fupi ya mbinu za utafiti kwa watumishi wa umma. Kila mshiriki huleta tatizo la ofisini kwake, akalichunguza huku akiendelea na kazi, kisha akaandika ripoti ambayo mkuu wake anaweza kuifanyia jambo. Mimi nilikuwa msimamizi wa afisa anayesimuliwa hapa, aliyechunguza kwa nini watoto waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua hawaonekani kwenye ya pili. Jina la zahanati, kaunti ndogo yake na idadi kamili za watoto nimeziondoa, kwa sababu yeyote anayefanya kazi idara ya afya angekitambua kituo kwa kutazama takwimu zake tu. Nimebaki na mlolongo wa mambo na sababu za kila uamuzi, maana somo liko humo.

## Usuli

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita ndiyo kisiwa; Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali ziko bara. Zahanati yetu iko bara, mtaa wa nyumba za kupanga ambako watu huhamia na kuhama mwezi hadi mwezi. Mama anaweza kujifungua hapa, akenda kwao Kilifi au Kwale kulea hadi mtoto akakaza shingo, akarudi, kisha akahamia mtaa wa pili kwa sababu kodi imepanda. Hili la kuhama lishikeni, litarudi.

Ratiba ya chanjo nchini Kenya inajulikana kwa kila mama mwenye kijitabu cha kliniki: sindano ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua-rubela ya miezi 9. Dozi ya pili ya surua ni ya miezi 18, nayo iliingizwa katika ratiba ya kawaida mwaka 2013. Kati ya dozi hizo mbili kuna miezi tisa ambayo mama haitwi tena kliniki kwa chanjo. Humo ndimo watoto hupotea.

Afisa wetu alikuwa wa mipango na takwimu. Kila mwezi hupokea fomu ya MOH 710, yaani muhtasari wa chanjo za mwezi, kutoka vituoni na kuhakikisha imeingia katika mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya. Watu wa chanjo huanza kushtuka kiwango cha kuacha, yaani sehemu ya watoto waliopata dozi ya kwanza bila kufikia ya pili, kikipita asilimia 10. Zahanati hii ilikuwa imeshapita hapo zamani.

## Agizo lililokuja na jibu lake

Mkuu wa afisa huyu hakuuliza kwa nini. Alikuwa na jibu tayari: akina mama hawana elimu ya chanjo, na uvumi wa mitaani umewatia hofu. Alitaka utafiti wa kuambatanisha na ombi la fedha za kampeni ya uhamasishaji, mahema, fulana, matangazo ya redio, na alitaka uwe mezani kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Simlaumu. Mwenye kusimamia vituo vingi hujifunza kuomba kile ambacho kifungu cha bajeti kinakubali kukilipia, na uhamasishaji una kifungu chake.

Afisa akanijia na hojaji ndefu na sampuli ya akina mama 384.

Namba hii nimekutana nayo mara nyingi mno, hata nikiiona siku hizi naanza kushuku kabla sijasoma mengine. Haikuanguka kutoka mbinguni. Ukichukua 1.96, ukaizidisha kwa yenyewe, ukazidisha kwa 0.5 na tena 0.5, ukagawa kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe, unapata 384. Ndiyo hiyo inayokaa mwisho wa jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Inajibu swali moja tu: nihoji watu wangapi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka umma mkubwa, ili nikadirie asilimia fulani bila kukosea zaidi ya pointi 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Afisa hakuwa na umma mkubwa. Zahanati ingekuwa na watoto 600 wa rika hilo, fomula ya Yamane, inayopunguza sampuli umma ukiwa mdogo, ingempa 240. Na hata hao 240 angewachaguaje kwa bahati nasibu, ilhali orodha ya akina mama wa mtaa huo haipo popote? Angeishia kuwahoji waliokuja kliniki, ambao ndio hasa hawajapotea.

## Majedwali matupu

Sikumwambia aitupe hojaji. Nilimwomba achore majedwali ya ripoti yake ya mwisho yakiwa matupu, yaani vichwa vya safu viwepo na tarakimu zisiwepo, kisha ajaze kwa penseli majibu mawili yanayopingana.

Jedwali la kwanza lilikuwa la swali "Je, unajua umuhimu wa chanjo?" Akajaza asilimia 30 wanajua. Mkuu wako atafanya nini? "Ataomba kampeni." Akafuta, akajaza 90. Sasa je? Akafikiri, akacheka. "Ataomba kampeni, aseme hao kumi waliobaki ndio wanaotuangusha."

Basi swali hilo limekufa. Jibu lolote linaelekea uamuzi ule ule, na fedha za kulikusanya zimetupwa. Isitoshe, swali lenyewe lina jibu ndani yake. Mama gani aliyeketi mbele ya mtu wa serikali mwenye kalamu atasema hajui umuhimu wa chanjo?

Tulipomaliza kupita safu moja moja, hojaji ile ilibaki na maswali machache sana. Pale pale afisa akaandika swali jipya, na ningependa mlione lilivyo kavu: Mtoto aliyepata dozi ya miezi 9 katika zahanati hii, alipofika miezi 18 alikwenda wapi? Majibu yanayowezekana yalikuwa manne. Alichanjwa hapa lakini haikuandikwa. Alichanjwa kwingine. Aliletwa akarudishwa. Hakuletwa. Kila jibu lina mtu wake wa kulifanyia kazi, na ni mmoja tu kati ya hao anayehitaji hema na fulana.

Kumshawishi mkuu kulihitaji adabu. Afisa hakwenda kumwambia amekosea. Alimwendea na kusema, "Mkuu, tukiandika kwamba akina mama hawajui, kisha aliye juu yetu akauliza tumejuaje, tutamwonyesha nini?" Mkuu akakubali rejista zitazamwe kwanza, kwa sharti kwamba maswali matano ya uelewa yabaki. Yalibaki. Hayakusaidia kitu, lakini yalinunua ruhusa.

Kibali kilichukua muda kuliko kazi yenyewe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi. Kwa hiyo pamoja na barua ya idara na ya kamati ya maadili, afisa aliamua kwamba daftari lake litabeba namba za mistari ya rejista tu, bila jina. Namba za simu za akina mama hazikutoka zahanati. Aliyepiga simu ni sista wa chanjo mwenyewe, ambaye mama anamjua, naye akaandika jibu kwa alama. Wenzake katika kozi waliona anajitesa. Mimi naona ndiyo sababu sista alimwamini baadaye na kumwambia yale ambayo asingeyaandika kwenye fomu.

## Rejista

Rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510, ni kitabu kipana. Kila mtoto ana mstari wake, na safu zinakwenda kulia kutoka chanjo ya kuzaliwa hadi surua ya pili. Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri: fuata mstari, utamwona mtoto mzima. Tatizo ni kwamba mtoto aliyeandikishwa mwaka juzi yumo katika kitabu cha mwaka juzi.

Afisa aliomba vitabu vya zamani. Vilikuwa stoo, chini ya makatoni ya glavu. Hapo akaelewa nusu ya tatizo lake kabla hajahesabu chochote. Mtoto wa miezi 18 akifika, kitabu kilicho mezani ni cha mwaka huu. Foleni imefika mlangoni, mtoto mmoja analia, wa pili anaitikia. Sista anachoma sindano, anaandika kwenye kijitabu cha mama, anachora kistari kwenye karatasi ya kuhesabia, basi. Hawezi kuacha foleni akaenda stoo kuinua makatoni. Mstari wa mtoto yule unabaki na tundu katika safu ya mwisho, na mwenye kufuata rejista atamwandika kuwa amepotea.

Kulikuwa na kosa la pili, la hesabu, lililokuwa ofisini kwa afisa mwenyewe. Kiwango cha kuacha cha kila mwezi kilipatikana kwa kuchukua dozi za kwanza za mwezi ule na kutoa dozi za pili za mwezi ule ule. Lakini hao ni watoto tofauti. Waliotimiza miezi 18 mwezi Machi ndio waliokuwa na miezi 9 mwezi Juni wa mwaka uliotangulia. Mtaa ukijaa wapangaji wapya wenye watoto wachanga, dozi za kwanza zinapanda, na kiwango cha kuacha kinapanda nacho hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyeacha. Alipopanga upya kwa kulinganisha Juni na Machi inayofuata, pengo lilipungua. Halikuisha.

## Benchi la nje

Siku ya kwanza ya kutazama kazi, afisa aliketi ndani ya chumba cha chanjo akiwa amevaa beji ya kaunti. Kila kitu kilikwenda sawasawa kama mtihani wa kuendesha gari. Alinipigia simu akiwa amevunjika moyo. Nilimwambia avue beji atoke nje.

Nje ya lango kulikuwa na benchi, na mama mmoja anayeuza mahamri na viazi karai. Afisa akakaa hapo asubuhi, akawauliza akina mama wanaotoka, kwa ridhaa yao, jambo moja: leo umejia nini, na umekipata? Mmoja alikuwa na mtoto aliyekwisha kutembea, anavuta mkono wa mama kuelekea kwenye viazi.

"Nimekuja kwa sindano ya mwaka na nusu, dadangu. Sijapata."

"Wamekwambiaje?"

"Nije Alhamisi. Na Alhamisi iliyopita nilikuja. Tulikuwa wawili, sista akasema tungoje wafike watano. Tukangoja mpaka adhuhuri, hakuja mtu. Leo nimeombea ruhusa kazini. Alhamisi siji tena, wataniachisha kazi."

Maneno ya aina hiyo yalijirudia kwa wengine, na afisa akarudi kwa sista kuuliza, bila kumtaja mama yeyote. Sista hakuficha. Chanjo ya surua-rubela huja kama unga ndani ya kichupa chenye dozi 10, na huchanganywa na maji yake maalumu. Ikishachanganywa, haikai: saa 6 zikipita, au kikao cha chanjo kikiisha kabla ya hapo, kilichobaki kinamwagwa. "Nikifungua kwa mtoto mmoja," alisema, "tisa naandika zimeharibika. Mwisho wa mwezi mwenye kuulizwa ni mimi. Mtoto niliyemrudisha hakuna fomu inayoniuliza."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa utafiti mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto asiyechanjwa ana gharama kuliko dozi iliyomwagwa. Lakini sista hapimwi kwa mwongozo, anapimwa kwa fomu, na fomu ina safu ya uharibifu na haina safu ya waliorudishwa. Nikiwa mahali pake ningefanya kama yeye.

Benchini kulitoka jambo la pili, nalo lilimpa mkuu haki kidogo. Wapo akina mama waliosema mtoto "amemaliza kliniki" akiwa na miezi 9. Hawakuwa na hofu wala uvumi. Afisa alipoomba kutazama vijitabu vyao, aliona kwamba nafasi ya tarehe ya kurudi, iliyojazwa vizuri tangu wiki ya 6, ilikuwa tupu baada ya dozi ya miezi 9. Hakuna aliyewaambia warudi lini. Wa uvumi aliwapata pia, ila wachache.

## Uamuzi na matokeo

Ripoti ilikuwa ya kurasa nne. Afisa alipanga mapendekezo kwa gharama, lisilo na gharama likaanza: vitabu vya zamani vitolewe stoo vikae juu ya meza ya chanjo, tarehe ya miezi 18 iandikwe siku ile ile ya miezi 9, waliorudishwa wapewe daftari lao, kichupa kifunguliwe siku yoyote kwa mtoto yeyote, na barua ya ofisi imkinge sista na maswali ya uharibifu. Uhamasishaji aliuweka mwisho, akaulenga kwa akina mama wa miezi 9, pale pale mezani kwa sista, si viwanjani.

Mkuu alisoma, akauliza, "Kwa hivyo mahema hayatakiwi?" Mahema yalikwenda hivyo hivyo, ombi lilikuwa limeshatumwa. Lakini barua ya vichupa aliitia saini, na hilo sikulitarajia.

Mwanzoni dozi za pili zilipanda. Uharibifu ukapanda nao, stoo ya chanjo ikauliza, na baada ya muda wakakubaliana katikati: siku mbili kwa wiki badala ya moja, na hakuna tena kungoja watoto watano. Vitabu vimebaki mezani. Tarehe zinaandikwa, si kila siku. Daftari la waliorudishwa liliandikwa vizuri na mwanafunzi aliyekuwa mafunzoni pale, alipoondoka, likakoma.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Majedwali matupu ndiyo yaliyookoa kazi hii, na sidhani kama mbinu nyingine yoyote ya kozi nzima ilimfaa afisa kiasi hicho. Yalimlazimisha kuuliza nani atafanya nini na jibu kabla ya kulitafuta. Kuanza na rejista kabla ya watu pia kulilipa: makosa mawili makubwa yalikuwa kwenye karatasi, na hakuna mama ambaye angeweza kuyaeleza. Na kuhama kutoka chumbani kwenda benchini kulibadilisha data yenyewe. Anayetazamwa na mwenye beji huonyesha kazi inavyotakiwa kuwa.

Udhaifu mkubwa ni huu: benchi lile linawaona waliofika langoni. Mama aliyerudishwa mara mbili akakata tamaa hapiti hapo, wala aliyehama, wala aliyesikia uvumi akaamua kukaa nyumbani. Afisa alijaribu kuwafikia kwa simu za sista, lakini namba nyingi hazikupatikana au zilipokewa na mtu mwingine. Akawatumia wahudumu wa afya ya jamii kwenda nyumbani kwa wachache, nao waliripoti familia wanazozijua, zile zinazofungua mlango. Kwa hiyo tunajua kwamba kurudishwa kupo na tunajua kwa nini. Hatujui ni sehemu gani ya pengo lote. Ripoti ilisema hivyo wazi katika ukurasa wa kwanza, na nilimtetea afisa pale mtu mmoja wa ofisi alipotaka aya hiyo iondolewe kwa kuwa "inaidhoofisha ripoti".

La pili ni kulinganisha kabla na baada. Hakukuwa na hesabu ya waliorudishwa kabla ya barua, maana hakuna aliyewahi kuwahesabu. Kisha Julai 2025 ikaja kampeni ya kitaifa ya surua-rubela na homa ya matumbo, iliyochanja watoto kote nchini. Dozi za kampeni huhesabiwa kando na hazifuti za ratiba ya kawaida, lakini mama ambaye mtoto wake amechomwa mwezi jana haoni sababu ya kupanga foleni tena. Takwimu za zahanati za miezi iliyofuata haziwezi kusema kama barua ilisaidia. Afisa alitaka kuchora grafu ya kupanda na kuweka mshale kwenye tarehe ya barua. Nilimkatalia. Aliweka grafu na mishale miwili, ya barua na ya kampeni, na maelezo mafupi chini yake.

Kuna jambo ambalo kozi za namna hii hazilifundishi vya kutosha, nalo ni gharama anayoibeba yule aliyesema ukweli. Sista alitaja sababu halisi ya kuwarudisha watoto. Katika kituo kimoja chenye sista mmoja wa chanjo, kuondoa jina lake hakumfichi kwa yeyote. Afisa alimsomea aya zinazomhusu kabla ya kuzipeleka kwa mkuu, na moja wakaiandika upya pamoja, ikawa inazungumzia fomu badala ya mtu. Kwa nijuavyo, hakuna aliyemuuliza kitu.

Afisa sasa anaandaa awamu ya pili. Safari hii hataanzia zahanati. Ataanzia orodha za kaya walizo nazo wahudumu wa afya ya jamii, achague kaya kwa bahati nasibu, aombe kuona kijitabu cha kila mtoto wa kati ya miezi 18 na 30, na apeleke katika kila kaya mhudumu wa mtaa mwingine badala ya yule anayejulikana hapo. Idadi ya kaya bado hajaiamua. Nimemwomba achore majedwali kwanza.